Picha mbili, nafasi moja: chapa zipi za Marekani ziingie kwenye hazina ya picha za shule?

Mwaka 2008, NEH, taasisi ya serikali ya Marekani inayofadhili masomo ya historia, fasihi na sanaa, ilituma kwenye shule na maktaba za nchi hiyo seti ya picha kubwa 40 za kubandika ukutani. Mradi uliitwa Picturing America. Humo mna michoro ya rangi, majengo, sanamu, vyungu, vikapu na picha za kamera. Ukitafuta sanaa ya kuchapwa, yaani kazi iliyochongwa kwenye mbao au shaba, ikapakwa wino na kutolewa nakala kwa nakala, utatafuta sana. Yumo flamingo wa Audubon, mchoraji wa ndege wa karne ya kumi na tisa. Baada ya hapo, kuhesabu kunakuwa kwa shida.

Jambo hili linaniuma, kwa sababu Mmarekani wa kawaida wa 1770, 1868 au 1917 hakuijua nchi yake kwa kwenda makumbusho. Aliijua kwa karatasi: ukurasa wa gazeti, bango la ukutani, picha ya senti chache iliyotundikwa sebuleni. Mimi nafundisha watoto wanaozungumza Kiswahili katika shule moja ya Marekani, wengi wao familia zao zimetoka Kongo, na nimeona mara nyingi kwamba karatasi ya namna hiyo inawafungulia historia ya nchi yao mpya haraka kuliko mchoro mkubwa wa jenerali aliyepanda farasi.

Kwa hiyo, kama ingeundwa hazina ya taifa ya chapa peke yake, kwa ajili ya kufundishia, mimi ningechagua hivi. Nimeziweka mbili mbili, kila jozi ikigombea nafasi moja, maana ukizitazama moja moja kila moja itaonekana inafaa. Swali langu kwa kila karatasi ni lile lile: ilifanya kazi gani mikononi mwa watu wa wakati wake, na je, mwanafunzi anaweza kuiona kazi hiyo kwa macho yake? Umaarufu wa leo nimeuweka nyuma.

Nyoka wa Franklin na damu ya Boston

Tarehe 9 Mei 1754 gazeti la Pennsylvania Gazette, mali ya Benjamin Franklin, lilitoa mchongo wa mbao mdogo kiasi cha kufunikwa na kiganja cha mtoto. Nyoka amekatwa vipande vinane, kila kipande kina herufi za koloni yake ya Kiingereza huko Amerika, na chini pameandikwa JOIN, or DIE: unganeni, la sivyo mtakufa. Koloni za New England zimerundikwa pamoja kichwani kwa herufi mbili tu, na Georgia haimo kabisa. Wakati ule hofu ilikuwa Wafaransa. Mwaka 1765, kisha 1774, nyoka yule yule alirudishwa magazetini, safari hii dhidi ya Waingereza wenyewe. Darasani ana sifa moja kubwa: mtoto wa miaka tisa anaweza kumchora kwa dakika tano na hamsahau tena.

Mpinzani wake ni mchoro wa Paul Revere wa mwaka 1770, aliouchonga kwenye bamba la shaba na kuutoa majuma machache baada ya askari wa Kiingereza kuwapiga risasi watu wa Boston usiku wa tarehe 5 Machi. Hapa naomba nikae kidogo.

Fungua faili kubwa la picha hii kwenye tovuti ya Maktaba ya Bunge la Marekani, ulikuze, upite pole pole kutoka kulia kwenda kushoto. Askari wamepangwa mstari mnyoofu kama walio gwarideni, wakifyatua kwa pamoja. Nyuma yao ofisa ameinua upanga, kana kwamba anatoa amri. Juu ya jengo la forodha kuna kibao kimeandikwa Butcher's Hall, jumba la mchinjaji. Mbele, katikati ya watu na moshi, mbwa mdogo amesimama ametulia. Mwezi mwembamba uko juu, lakini uwanja mzima unaonekana kama mchana. Karibu kila kitu humu kimepangwa ili ukasirike. Kesi ilipofika mahakamani, ofisa yule aliachiwa, na kati ya askari wanane, sita waliachiwa na wawili wakatiwa hatiani kwa kuua bila kukusudia. Wakili mmojawapo wa upande wa utetezi, Josiah Quincy, aliwaonya wazee wa baraza wasichukuliwe na chapa zilizokuwa zimetundikwa majumbani mwao. Je, kuna ushahidi gani mzuri zaidi kwamba karatasi ilifanya kazi?

Hata wazo halikuwa la Revere. Lilikuwa la kijana Henry Pelham, aliyemwandikia barua ya uchungu akimlaumu kwamba amemnyang'anya jasho lake kama mtu aliyevamiwa njiani.

Halafu kuna Crispus Attucks, mtu mwenye asili ya Kiafrika na ya wenyeji wa Marekani, aliyekuwa miongoni mwa watu watano waliouawa. Mtafute kwenye mchoro. Katika nakala nyingi zilizopakwa rangi kwa mkono, nyuso zote za walioanguka ni nyeupe. Lakini shuka chini, pale ukingoni, chini ya beti za shairi: majina ya waliokufa yameandikwa, na la Attucks limo. Picha imemwacha, maandishi yamemtaja. Sasa fikiria hazina ngapi za picha hukata kingo ili mchoro ukae vizuri kwenye skrini. Ukikata ukingo huu, Attucks ameuawa mara ya pili. Sisi tuliokulia penye kanga hatuhitaji kufundishwa jambo hili. Kanga ina pindo, ina mji, ina jina, na fundi akikata jina hujaletewa kanga, umeletewa kitambaa.

Nafasi naipa Revere, ukurasa mzima, bila kukatwa hata milimita. Na pembeni yake ningeweka chapa iliyotolewa Boston mwaka 1856 na J. H. Bufford kutokana na mchoro wa William Champney, miaka ya vuguvugu la kupinga utumwa. Tukio ni lile lile, lakini humo Attucks yuko katikati kabisa, mtu mweusi, ameshika mtutu wa bunduki ya askari. Mwanafunzi akiziona zote mbili kwa pamoja ataelewa mwenyewe jinsi kizazi kimoja kinavyochora upya jambo la kizazi kingine. Nyoka ni mzuri, lakini ukishamwelewa amekwisha.

Flamingo wa Audubon na treni ya Fanny Palmer

Flamingo huyu ndiye aliyeingia kwenye seti ya 2008, na sina ubishi na uzuri wake. Ni bamba la 431 kati ya 435, la mwaka 1838, kwenye karatasi yenye urefu wa karibu mita moja. Audubon alitaka kila ndege awe na ukubwa wake halisi, kwa hiyo huyu mwenye shingo ndefu ilibidi ainame ndipo akatoshea. Juu yake kuna michoro midogo ya mistari inayoonyesha mdomo na nyayo, kama maelezo ya daktari. Watoto waliowahi kuwaona heroe wa Nakuru au Natron huniambia mara moja kwamba wa kwetu si wekundu hivi, na wana haki, maana hawa ni jamii nyingine.

Lakini uliza ni nani aliyekuwa na karatasi hii. Mabamba karibu yote yalichongwa na kuchapwa London, katika karakana ya Robert Havell, na seti kamili hazikufika 200. Walionunua walikuwa wafalme, vyuo na matajiri. Hazina ya taifa ikimtaja Audubon, inapaswa pia kuandika kwamba aliwanunua na kuwauza watu watumwa, jambo linalojadiliwa wazi leo hata na wapenda ndege wa Marekani.

Kwa upande wa pili kuna Currier & Ives wa New York, kampuni iliyotoa zaidi ya picha 7,000 tofauti kabla ya kufungwa mwaka 1907. Hizi ni lithografia, chapa ya jiwe, na nyingi zilipakwa rangi na wanawake waliokaa mezani kwa mstari, kila mmoja na rangi yake moja: huyu bluu ya mbingu, akimaliza ampitishie mwenzake wa kijani. Zile ndogo ziliuzwa kwa senti chache. Msanii wao hodari alikuwa mwanamke, Frances Palmer, aliyefahamika kama Fanny, mzaliwa wa Uingereza.

Mwaka 1868 kampuni ilitoa Across the Continent, aliyoichora yeye. Treni inakata nchi kutoka mbele hadi upeo wa macho. Kushoto kuna kijiji kipya cha nyumba za magogo, na jengo mojawapo limeandikwa shule ya umma. Kulia, ng'ambo ya reli, wenyeji wawili wamepanda farasi, na moshi wa treni unawaelekea wao. Ubavuni mwa behewa pameandikwa New York na San Francisco, ilhali reli hiyo ilikamilika mwaka uliofuata, Mei 1869. Picha ilitangulia reli! Iliwauzia watu nchi ambayo ilikuwa bado haijamalizwa kujengwa, na ilishawapangia wenyeji upande wa kukaa. Nikiulizwa ni ipi ifundishe karne ya kumi na tisa, sitasita. Treni.

Kampuni hiyo hiyo, hata hivyo, ilitoa mfululizo ulioitwa Darktown, wa kuwadhihaki watu weusi, na uliuzwa sana. Wenzangu kadhaa wanashauri usiingizwe popote. Mimi naona mmoja uingie, lakini usiwekwe ukutani wala mbele ya watoto wadogo. Ukae kwenye sehemu ya wanafunzi wakubwa, pamoja na maelezo ya mwalimu, kwa sababu ukionyesha treni na mandhari za theluji peke yake umewaongopea kuhusu kilichokuwa kikitundikwa kwenye sebule zile.

Kidole cha Uncle Sam na msuli wa yule dada

Jozi hii ni ya haraka. James Montgomery Flagg alichora Uncle Sam, yule mzee wa kubuni anayesimama badala ya serikali ya Marekani, akikunyooshea kidole, kwanza kwenye jalada la jarida la Leslie's mwaka 1916, kisha kama bango la kuandikisha askari mwaka 1917. Uso ni wake mwenyewe, ameuzeesha, na wazo alilichota kwa Waingereza waliokuwa wamemtumia Lord Kitchener, waziri wao wa vita, vile vile mwaka 1914. Nakala zaidi ya milioni 4 zilichapwa kati ya 1917 na 1918.

Bango la J. Howard Miller, We Can Do It!, lile la dada aliyefunga kilemba chekundu na kukunja mkono, leo linajulikana pengine kuliko la Flagg. Lakini lilichapwa kwa ajili ya kampuni ya Westinghouse peke yake, nakala zisizofika 2,000, likatundikwa viwandani mwake kwa majuma mawili ya Februari 1943, likashushwa. Wengi wa wanawake wa wakati wa vita hawakuwahi kuliona. Umaarufu wake ulianza miaka ya 1980.

Tukipima kazi iliyofanywa na karatasi siku zake, Flagg anashinda bila mjadala. Miller ningemweka tu kwenye somo la jinsi picha inavyofufuka ikapewa maana ambayo mchoraji hakuikusudia. Na kama nafasi ingebaki hapa kati, ningeijaza kwa mabango ya miaka ya 1935 hadi 1943, yale ambayo serikali iliwalipa wasanii wasio na kazi wayatengeneze kupitia mradi wa WPA: chunguza kifua kikuu, tembelea hifadhi za taifa, njoo uone maonyesho bila kiingilio. Maktaba ya Bunge inayo zaidi ya 900, yanapakuliwa bure, na mwalimu wa kijijini anaweza kuyachapa bila kumwogopa mwanasheria.

Marilyn wa Warhol na mkulima wa Catlett

Suala la wanasheria ndilo linaloifanya jozi hii iwe ngumu. Marilyn Monroe wa Andy Warhol, seti ya karatasi 10 ya mwaka 1967 iliyotolewa nakala 250, ilitokana na picha ya kutangazia filamu ya 1953. Ni uchapaji wa skrini, ufundi ule ule wanaoutumia vijana wa Kariakoo kuchapa fulana za kampeni, na ndiyo maana watoto huuelewa upesi: rangi moja, skrini moja, na zikipishana kidogo mdomo unahama usoni. Kwa kufundishia ufundi, ni mfano mzuri mno. Kwa hazina ya elimu, kila karatasi inakuja na maswali ya haki. Tarehe 18 Mei 2023 Mahakama ya Juu ya Marekani, majaji saba kwa wawili, ilimpa ushindi mpiga picha Lynn Goldsmith dhidi ya wakfu wa Warhol kuhusu picha ya mwanamuziki Prince, ambayo Warhol aliitengeneza kutokana na ile ya Goldsmith, ikiona kwamba kuikodisha kwa jarida kulikuwa na kusudi lile lile la picha ya awali. Shauri lile halikuhusu shule. Hata hivyo, mratibu yeyote wa hazina atalisoma mara mbili kabla ya kuweka saini.

Elizabeth Catlett naye ana hakimiliki, na ruhusa lazima iombwe. Ila hebu mtazame mkulima wake wa kike, Sharecropper, wa mwaka 1952. Ni mchongo wa linoliamu. Mama amevaa kofia pana ya majani, na kila unyasi wake ni mkato mmoja wa kisu. Tunamtazama kutoka chini, kwa hiyo amekuwa mkubwa kuliko sisi, na yeye hatutazami, anaangalia mbali. Shuka kwenye koti lake. Halina kifungo. Limeshikwa na pini. Pini hiyo moja inakueleza mfumo mzima wa kulima shamba la mwingine, kugawana naye mavuno, na kumaliza mwaka ukiwa na deni dukani kwake.

Kuna watakaosema kwamba hii si kazi ya Kimarekani, maana Catlett aliichonga Mexico City, akachukua uraia wa Mexico mwaka 1962, na serikali ya Marekani ikamzuia kuingia nchini kwa miaka kadhaa. Alizaliwa Washington mwaka 1915, mjukuu wa watu waliokuwa watumwa. Audubon alizaliwa katika nchi ambayo leo ni Haiti na kuchapa ndege wake London, na hakuna aliyemuuliza uraia alipopewa nafasi yake ukutani. Kwangu mimi mlango ulio wazi kwa mmoja uwe wazi kwa mwingine.

Catlett aingie. Na hapa mwenye kuandika maelezo awe mwangalifu: nakala nyingi za Sharecropper zilizo makumbusho zilichapwa mwaka 1970, baadhi zikiwa na koti la kijani, kutoka kwenye mchongo wa 1952. Miaka yote miwili iandikwe. Chapa haina nakala moja ya asili, ina ndugu wengi waliozaliwa siku tofauti, na hazina inapaswa kusema imemchukua ndugu yupi, kutoka makumbusho ipi.

Nywele za Dylan na neno moja la Memphis

Mwaka 1967 Milton Glaser alimchora mwanamuziki Bob Dylan kivuli cheusi cha uso wa upande, na nywele zinazotiririka kama mito ya rangi. Bango lilikunjwa likatiwa ndani ya jalada la santuri yake, na nakala zipatazo milioni 6 zikaenda majumbani. Nalipenda. Nilidhani nitalichagua.

Mwaka uliofuata, tarehe 1 Februari 1968, wazoa taka wawili wa Memphis, Echol Cole na Robert Walker, walijikinga mvua nyuma ya lori la taka, mtambo ukajiwasha ukawaponda. Wenzao wapatao 1,300 waligoma. Mabango waliyobeba barabarani yalichapwa kwa herufi kubwa nyeusi, bila mchoro, bila rangi: I AM A MAN, na chini ya AM pamepigwa mstari. Martin Luther King alikwenda kuwaunga mkono na akauawa mji huo huo tarehe 4 Aprili. Wengi wanalijua bango hili kupitia picha za kamera za maandamano. Nataka hazina iweke karatasi yenyewe, ikiwa peke yake, ili mwanafunzi aone kwamba herufi tupu nazo ni sanaa ya kuchapwa, na kwamba mstari mmoja chini ya neno moja ni uamuzi wa mbunifu.

Kwa darasa langu ilibidi niandike tafsiri chini yake. Nikaandika MIMI NI MWANAMUME, nikafuta, kwa sababu Kiswahili kimegawa kile ambacho Kiingereza kimebeba kwa neno moja. Nikaandika MIMI NI MTU. Nayo ikaniacha na wasiwasi, maana wale walikuwa wanaume wazima walioitwa "boy" na wazungu mpaka wazeeke, na "mtu" haimjibu huyo anayekuita mtoto. Siku ya wazazi nilimwonyesha baba mmoja kutoka Bukavu, nikamweleza tatizo langu. Alilitazama bango muda mrefu.

"Mwalimu," akaniambia, "baba yangu alikuwa boyi kwa Wabelgiji. Na mvi zake, boyi. Andika mutu. Yeye angelitaka mutu."

Niliacha MIMI NI MTU. Kesho yake nilimkuta binti yake amesogea karibu na karatasi, na kalamu yake amepiga mstari chini ya NI.